Wimbo Unaopumua Mahali Pangu

Nyumbani,
Chumba cha nyuma,
Jumapili alasiri.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Sisi hatujambo. Mama anaendelea vizuri, ila akipanda ngazi hutaja marehemu wote wa ukoo. Bibi bado anakataa miwani. Juzi alilisalimia koti lililotundikwa mlangoni, akakasirika liliponyamaza.

Ningeweza kukutumia ujumbe wa simu. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu mtu hujibu kabla hajafikiri, nami nataka ufikiri.

Mwisho wa muhula kuna mashindano ya nyimbo shuleni. Sharti ni moja, wimbo uwe umeutunga mwenyewe. Mwalimu wa muziki ameandika jina langu, mimi ambaye nikiitwa darasani huitikia kwa sauti ndogo mpaka naandikwa mtoro. Nilikubali kwa ajili ya ule wimbo ulioanza nikiosha vyombo, kipande kifupi kama chafya. Ulinifundisha kwamba kipande kikirudiwa huwa swali, basi nikitafutie jibu, kisha nirudi mwanzo kwa njia nyingine. Nimefanya hivyo muhula mzima.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa fundi cherehani, ananipunguzia sketi. Redio yake ikapiga wimbo mpya. Kilipofika kiitikio, nilisikia sauti za wimbo wangu, nikashtuka hadi pini ikanichoma.

“Tulia, binti, nitakushona na ngozi,” alisema.

Nikamuuliza wimbo ni wa nani.

“Sijui, ila kila anayeingia hapa anauliza. Na wewe unataka kucheza na pini mwilini?”

Najua watu wawili wanaweza kuokota sauti zilezile bila kuonana. Lakini mimi, Mjomba, huishiwa pumzi kwenye kiitikio na kulikata neno katikati. Ni kosa langu, na mwalimu ameshanigombeza. Huyo mwimbaji ana mapafu ya kuzima moto akiwa ng'ambo ya barabara. Maneno yake si yangu, lakini naye anapumua palepale. Kwa nini?

Kwanza nilimshuku kaka yangu, Bosi. Unajua anafagia na kubeba nyaya kwenye studio ya kurekodi, na simu yangu, ninayorekodia wimbo, huichukua bila kuniomba. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Tulipokuwa tunakula nikamuuliza.

“Profesa, ile miguno yako ya kuosha vyombo?” Alicheka mpaka Mama akaweka kijiko chini. “Mimi huifuta nipate nafasi ya video za magoli. Nani aibe mguno?”

“Mwache mwenzio ale,” Mama akamwambia, ingawa mimi ndiye niliyekuwa sili.

Nilimvizia kama paka mbele ya tundu. Nikapita nyuma yake nikiimba kiitikio polepole, hakugeuza hata shingo. Bosi hawezi kuficha hata zawadi.

Nikarudi kwa fundi na sketi isiyokuwa na tatizo lolote, nikausikiliza wimbo hadi mwisho. Pale mwishoni sauti inashuka, kama mtu aliyebadili nia akiwa kwenye ngazi. Mimi nimeshuka hivyo mara moja tu, siku nilipokuwa na mafua na sauti ya juu ikanigomea. Nilijirekodi kwenye stoo ya vitabu, nikakutumia, nikafuta hapohapo kwa aibu. Wote wanaoujua wimbo wangu, Bosi na mwalimu wakiwemo, wanaujua ukipanda. Ile ya kushuka ulikuwa nayo wewe peke yako. Na wewe, unayejibu hata kikohozi changu, ile hukuijibu. Tena huko unapiga gitaa, na wenzako wote ni wanamuziki.

Mama sijamwambia. Atalia, kisha atakupigia.

Linaloniuma zaidi ni kwamba wimbo ni mzuri. Daraja, kile kipande cha kuvukia kuingia kwenye kiitikio, lilinishinda, lakini huko limekaa sawa kabisa. Nilitembea hadi nyumbani nikiliimba kabla sijakumbuka kukasirika.

Sasa nikiimba, ukumbi utasema Profesa ameiba redioni. Nisipoimba, nimeutoa kwa mikono yangu. Mwalimu amekubali kutolifuta jina langu mpaka nipate jibu lako. Kama ni wewe, sema tu. Nitasimama mbele yao niseme tumeutunga wawili, mimi na mjomba wangu, na haitakuwa uongo. Kama si wewe, nakuomba radhi kwa magoti, lakini nitajie uliyemsikilizisha. Ukinyamaza, nitakuwa nimejibiwa.

Nisalimie mkaza mjomba na binamu zangu. Bibi anauliza kama unakula. Bosi anakusalimu pia, hajui ninakuandikia nini. Mungu akulinde huko uliko, na aulainishe ulimi wako.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata leo,

Profesa.