Jina Lako Likiitwa Tena

Mama,

Jumamosi iliyopita nilisimama mbele ya kampuni nzima nikasema umekufa. Baba hajaniongelesha tangu siku hiyo. Chai ninayompikia anakunywa, maana chai haina makosa, lakini kikombe anakirudisha mezani bila neno na kuondoka kwenda kiwandani.

Wewe unajua kwamba ulikufa. Ni sisi tuliokataa kukubali, na si kwa sababu ya mapenzi. Wacha nikueleze mwaka wetu ulivyokwenda, kwa sababu sidhani kuna aliyekuambia ukweli. Sisi hatukumwambia mtu.

Ulipokwenda Nyeri kumwangalia Nyanya uliondoka na kikapu kimoja ukasema wiki mbili. Wewe uliyekwenda kuuguza ndiye uliyeugua. Telegramu ilipofika, Baba alipanda treni na nguo zake za kazi, zikinuka maganda ya miti ya miwati yanayosagwa kiwandani, akaenda kukuzika. Mimi na Kamau tuliambiwa tungoje. Aliporudi alitukalisha kitandani, akatuambia mambo mawili kwa pumzi moja: mama yenu amefariki, na msimwambie mtu yeyote hapa Eldoret.

Ni kwa sababu ya shamba. Hisa ilikuwa kwa jina lako, Mary Wangari, kwa kuwa wewe ndiye uliyeingia kampuni ya kununua shamba la mzungu pamoja na akina mama wa kanisa, ukailipia kwa kuuza viazi, gunia baada ya gunia, wakati Baba akicheka kwamba mzungu hawezi kuwauzia wanawake shamba lake. Kura ya kugawana vipande ilikuwa imebaki wiki tatu. Baba akasikia, sijui kwa nani, labda kwa woga wake mwenyewe, kwamba mwanachama akifa kabla ya kura, kamati inakula kipande chake. Hakuuliza. Unamjua. Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya wakoloni, alipokuwa kizuizini, wapimaji wa mashamba walikuja kijijini kwao, majina yakaitwa, na lake halikuitikiwa. Aliporudi alikuta ua wa mtu mwingine kwenye shamba la baba yake. Tangu siku hiyo msahafu wake una mstari mmoja tu: asiyekuwepo na lake halipo.

Na wewe ulikuwa na wako. Ukiitwa, itika kabla ya mara ya pili. Ulituchapa kwa hilo zaidi ya kitu kingine chochote. Nikiwa mtoni na ndoo kichwani, ukiita, naitika. Basi mistari yenu hiyo miwili mlinifunga nayo kama punda, mmoja huku na mwingine huku.

Siku ya kura ilikuwa siku ya pili ya mtihani wa darasa la saba. Kiingereza nilikuwa nimekifanya jana yake, na nilikuwa nimekifanya vizuri. Asubuhi ile ya hesabu nilikuwa nimeshachonga penseli. Baba akaja na koti lako na kitambaa chako cha kichwa cha rangi ya udongo. Alinifunga mwenyewe, akakifunga vibaya, ikabidi nikifungue nikifunge upya. Wanaume wana vitambulisho vyenye alama ya kidole, sisi wanawake hatuna chochote, kwa hiyo nani angejua? Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimeshakupita urefu.

Karani aliita, “Mary Wangari!”

Nikasema, “Niko.”

Hakuinua hata macho, na akina mama wa kanisa, wakidhani nakushikia nafasi tu mpaka urudi, hawakunitaja. Nilitia mkono kwenye debe nikatoa karatasi yenye namba. Kipande chenyewe ni kizuri, Mama, na hilo linaniuma zaidi. Kiko karibu na mto, udongo mwekundu usio na mawe. Wenzangu waliniambia baadaye maswali ya hesabu yalivyokuwa. Niliyaandika kwa kijiti mavumbini, kando ya mto wako, nikayafanya yote. Niliyapata yote.

Nilidhani ni siku moja tu. Lakini kampuni ilitaka kila mwenye kipande aonekane kwenye kipande chake, ang'oe visiki, achimbe mtaro, na karani akipita na daftari kila Jumanne na Alhamisi aitikiwe. Mwalimu mkuu alimwambia Baba nirudie darasa Januari. Baba akasema muhula ujao. Muhula ulipokuja, akasema ujao. Kwa hiyo Mary Wangari akapata shamba na Njeri akakosa shule, na hao wote wawili walikuwa mimi.

Majirani wetu wa hapa mtaani Langas tuliwaambia kwamba Nyanya bado mgonjwa na wewe bado unamuuguza. Kanisani wakamwombea. Mwaka mzima, kila Jumapili, Nyanya ameombewa na watu wasiomjua, na Nyanya ana nguvu za trekta. Wewe hukuombewa hata mara moja. Mimi nilikaa kwenye benchi nikisema amina. Mama, katika mwaka wote huo hakuna mtu wa Eldoret aliyenipa pole. Mtu akivunjikiwa na chungu hupewa pole. Mimi nilitembea na msiba wangu mzima chini ya kitambaa chako, watu wakinisalimia na kuniuliza, “Mama anarudi lini?”

Mzee Msomali mwenye duka karibu na stesheni ndiye aliyeuliza kuliko wote. Ulikuwa umechagua kwake kitambaa kipya, cha maua ya samawati, ukamwambia akuwekee mpaka urudi. Kila nikienda kununua sukari ananyoosha kidole rafuni. “Mwambie mama yako kitu yake iko.” Nami namjibu, nitamwambia.

Mwezi wa Aprili tulikuja kukuona. Treni mpaka Nakuru, kisha basi la kupitia Nyahururu, Kamau akitapika njia nzima. Nyanya, ambaye bado anauita mji wetu Sisibo, alimwuliza Baba kwa nini hakuna hata mtu mmoja wa Sisibo aliyekuja mazishi. Baba akasema ni kazi, watu wana kazi. Nyanya alinishika mkono akanipeleka kaburini. Kuna msalaba wa mbao, na jina lako limechomwa kwa chuma cha moto. Nililisoma nikashtuka, mdomo ukafunguka wenyewe. Nilikuwa nimezoea kuitika.

Sasa Kamau. Unakumbuka ulivyokuwa ukisimama kando ya goli siku za mechi, hujui hata sheria moja, golikipa ukimwita yule wa kushika, ukipiga kelele, “Kamau, usiogope miguu ya watu!” Mwaka huu alichaguliwa timu ya shule, winga wa kulia, wakawa wanakwenda kucheza Kitale. Barua ya ruhusa ilitaka sahihi ya mzazi. Baba alikuwa zamu. Nikatia sahihi yako. Ilikuwa imeshakuwa rahisi kama kupiga chafya, na hapo ndipo ningepaswa kuogopa.

Mechi ya kurudiana ilichezwa hapa, siku ya Alhamisi. Nilitoka moja kwa moja shambani nikiwa na koti lako na kitambaa chako, nikasimama kando ya goli, mahali pako. Sikupachagua, miguu ilijua. Kamau alifunga bao kabla ya mapumziko. Mwalimu wao wa michezo ni mgeni, hatujui. Akaniona, akampigia kelele, “Kamau! Kimbia umsalimie mama!”

Alikuja mbio akicheka. Alipofika karibu akasimama. Aliangalia koti, akaangalia kitambaa. Sijawahi kuona uso wa mtoto ukizeeka hivyo. Akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, maana hata katika hasira yake alikuwa analinda uongo wetu, “Toa hiyo. Wewe si mama.”

Kipindi cha pili hakuinuka. Mwalimu alimvuta, akamtisha, akamwita mwoga. Walifungwa mawili kwa moja. Tangu siku hiyo aliacha kabisa kugusa mpira, na mimi niliacha kusimama kando ya goli, lakini shambani niliendelea kwenda. Niliendelea kuitika. Nilimchukia Baba, na nikakuchukia na wewe kidogo, nisamehe. Nilisema, angekuwa mama mvivu, asiyekuwa na hisa, angalau angekufa kama watu wengine.

Sasa Jumamosi. Tuliitwa kwenye uwanja wa nyumba ya mzungu kuchukua karatasi za vipande. Baba alikuwepo, amesimama na wanaume karibu na hori la ng'ombe. Karani akafungua daftari. Kabla ya yote akasema, “Wale ambao wenyewe wamefariki, watu wao waje mbele kwanza.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini walitoka, mmoja mmoja. Mzee fulani alitoka kwa jina la mke wake, kijana kwa jina la baba yake. Kila mmoja alikuwa na barua ya chifu. Karani alivua kofia, akaichukua barua, akafuta jina moja akaandika lingine, na akina mama wakasema, pole, pole sana. Wakaenda zao na karatasi zao. Kamati haikula kitu cha mtu.

Barua ya chifu, Mama! Chifu ambaye ofisi yake tunaipita tukienda sokoni. Kila mtu alijua isipokuwa sisi, kwa sababu kila mtu aliuliza. Nilimtazama Baba. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Ndipo majina ya walio hai yakaanza, na la kwako likaitwa. Nilinyamaza. Likaitwa mara ya pili. Maisha yangu yote sijawahi kungoja mara ya pili. Baba akakohoa kule alikokuwa. Karani akasema, “Mary Wangari! Hayuko?”

Nikasema, “Hayuko. Alikufa mwaka jana. Mimi ni Njeri, msichana wake.”

Karani aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu anijue. “Na huyu nimekuwa nikiandika kila wiki ni nani?”

Wengine walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alisema karatasi ya Mary Wangari iwekwe kando, kamati itakaa ione kama watu wanaodanganya kampuni wanastahili shamba la kampuni. Unaona? Kitu alichokiogopa Baba hakikuwepo, sisi ndio tulikitengeneza, tukakilisha mwaka mzima mpaka kikawa na meno. Huenda tukanyimwa kile kipande, baada ya viazi vyako vyote na visiki vyangu vyote, na itakuwa halali yao.

Lakini mama mmoja mzee, simjui hata jina, alinishika bega akasema, “Pole, mtoto wangu. Pole sana.” Nikalia pale pale, mbele ya daftari, kamasi na yote. Nililia kilio cha mwaka mzima. Watu wakaacha kucheka.

Kutoka huko nilipitia dukani. Nilimwambia yule mzee kwamba hutarudi kuchukua kitu chako. Alisoma maneno ya dini yao, akafunga ubao mmoja wa mlango. Kisha akakishusha kile kitambaa cha samawati akanipa. Hakikuwahi kufungwa kichwani na mtu, na sitakifunga mimi. Kipo kwenye sanduku langu.

Na Jumapili Kamau alirudi kucheza. Alichana utepe wa nguo nyeusi akajifunga mkononi kama alivyowahi kuona wachezaji wakubwa wakifanya. Wenzake walimwuliza nani amekufa. Akasema mama yangu. Lini? Mwaka jana. Refa akamwambia auvue kwa sababu si vazi la timu. Akakataa, akatolewa nje. Basi alikuja akasimama nami kando ya goli mpaka mwisho, mikono kifuani. Wakafungwa tena. Hii timu, Mama, hata ungekuwepo usingeiokoa.

Jana nilipokwenda kuondoa kikombe cha Baba nilikuta karatasi imekunjwa chini yake. Ni barua ya chifu, imeandikwa marehemu Mary Wangari, na Baba ameweka sahihi. Kumbe asubuhi moja tu ilitosha. Angeweza kuitoa asubuhi hiyo mwaka jana, nami ningekuwa nimemaliza hesabu zangu. Sikumshukuru. Labda siku moja nitamwonea huruma. Namwona anavyokaa kitandani bila kuvua viatu, naona kwamba yeye pia hakupewa pole na mtu. Lakini si leo.

Kamati inakaa wiki ijayo. Wakitupa shamba, nitalilima likizo, kwa jina lolote watakaloandika. Wakitunyima, sitakuja kukulilia kuhusu hilo. Mimi nimekwenda kwa mwalimu mkuu mwenyewe, sikumngoja Baba. Januari narudi darasa la saba. Kamau naye anaingia la saba, kwa hiyo nitakaa darasa moja na mdogo wangu, mimi msichana wa miaka kumi na nane, magoti hayaingii chini ya dawati, na watanicheka. Wacheke.

Lala sasa, Mama. Koti lako nimelifua nimelikunja, nitalileta Nyeri mwezi wa nne. Nakuahidi kitu kimoja. Mwalimu akifungua daftari akaniita, nitaitika kabla ya mara ya pili, kama ulivyonifundisha. Jina lako likiitwa tena, popote pale, na yeyote yule, nitanyamaza, nikuachie uitike mwenyewe.

Ni mimi,
Njeri