Mikato Mitatu ya Adriano Masanja wa Usinge

Mwaka umetimia, Baba Julieth, tangu asubuhi ile ulipotutoka hapa nyumbani Usinge, mkono wako ukiwa mkononi mwa mkeo Advera. Watu wanasema mwaka unapoza. Wapi!

Ulikuwa mrina asali tangu ujana. Ulipoambiwa una saratani ya ubongo hukujificha. Ulivua kofia kanisani, mshono wa upasuaji ukaonekana, ukasema, "Jamani, sikulogwa. Ni ugonjwa, una jina lake." Ukaishi miaka miwili na ushee, hata daktari akashangaa. Maneno yalikuponyoka, kuku ukamwita sufuria, ukawa wa kwanza kucheka. Siku za dawa ulitapika asubuhi, jioni ukauliza kama miti imechanua.

Lakini leo hatukuja na upole tu.

Ulipokuwa Mwanza kwenye mionzi, mdogo wako Justus aliitisha kikao cha ukoo, akajigawia mizinga yako arobaini. Mtu hai! Akaingia porini na panga, akaikwangua alama yako kwenye kila mzinga, ile mikato mitatu ambayo hakuna mrina asali wa Usinge angethubutu kuigusa, akachonga yake. Alisema, "Huyo hata akirudi, harudi mtu."

Ulirudi. Uliwakuta kwenye kikao cha pili, ukaingia ukiburuta mguu. "Endeleeni tu," ukasema, "marehemu amekuja kusikiliza." Loo, walivyogombania mlango! Justus akabaki peke yake: "Shikamoo, kaka." Hukuitikia. Mpaka unaingia kaburini, shikamoo ile hukuiitikia, na sisi hatutaiitikia kwa niaba yako.

Kifafa kilicholetwa na saratani kilikukataza kupanda miti, ukamfundisha Advera. Majirani wakanong'ona kwamba mwanamke hapandi mzinga. "Waache waseme, wewe kaza kamba," ulimwambia. Alipanda akilia kwa hofu, nawe chini unamtania kwamba nyuki wanamwogopa zaidi. Mzinga kwa mzinga ulimwonyesha kwa kidole: huu wangu, na ule pale. Jina la binti yako liliwahi kukupotea siku nzima, lakini mti hukukosea hata mmoja. Advera aliikariri yote.

Justus alidhani siri ya mizinga ipi ni yako umekwenda nayo kaburini. Amekula asali yako mwaka mzima, akiwatangazia watu sokoni kwamba mjane hana ushahidi.

Jumamosi hii, baada ya Misa ya kukuombea, Advera atapanda na patasi. Atairudisha mikato yako mitatu, mchana kweupe, wazee wa ukoo wakisimama chini ya kila mti. Hana huruma hata chembe, nasi hatumwombi awe nayo. Justus, nawe umealikwa. Njoo ushike kamba.

Wanaokulilia ni mkeo Advera, wanao Julieth na Godbless, dada yako Benedikta, na warina asali wenzako wote wa Usinge.

Tutakukumbuka siku zote, Baba Julieth. Na Justus naye tutamkumbuka.