Mashamba Mawili ya Jina Moja

Jumatatu, 5 Machi 2018

Karatasi thelathini leo. Kila moja na mshubiri wake wa milimani, mkavu, umebanwa hapo tangu enzi za mikokoteni ya ng'ombe, na miiba bado inachoma. Nasoma lebo, napiga picha, naandika: nani alichuma, lini, wapi. Bwana Mokoena, fundi wa ghala letu la mimea hapa Joburg, ameniletea chai mara mbili bila kuombwa.

Faili langu la kuomba uprofesa linatakiwa mwezi ujao. Uzito wake wote uko kwenye makala yangu ya mwaka juzi: kwamba mshubiri huu umekimbia joto la bondeni na kupanda mlimani. Nimelionyesha mimi, mtoto wa Lushoto, kwa lebo kuukuu na ramani za tabianchi. Watu wa nchi nyingi wanaitaja. Najivunia, na sioni haya kuliandika.

Alhamisi, 8 Machi

Kuna kitu hakikai sawa.

Mchumaji mmoja wa zamani alikuwa na nidhamu: kila mmea alioubana aliupa namba, kwa mfuatano. Namba 212 ni mshubiri wangu, kutoka shamba nililoliweka bondeni kwenye ramani. Namba 213, tarehe ileile, ni ua la vinamasi vya baridi, juu kabisa ya milima. Kwa mkokoteni wa ng'ombe hiyo ni safari ya siku nyingi. Huyu mtu hakuwa na mabawa.

Nimefungua rejista ya mashamba. Yapo mawili. Jina moja, herufi kwa herufi. Moja bondeni, jingine mlimani. Wakati ule nilichukua la kwanza nililoliona. Mimi. Si msaidizi, si kompyuta.

Nimefunga rejista, nikaifungua tena. Bado ni mawili.

Jumapili, 11 Machi

Sijamwambia mtu. Nimepitia upya lebo zote za mchumaji yule. Ushahidi wangu wa bondeni karibu wote unatoka shamba hilo moja. Ukiondoa shamba, mmea haukuhama. Ukiondoa kuhama, sina makala.

Binti yangu Neema kaja jikoni. Ana miaka kumi na tatu, Kiswahili anakisikia vizuri lakini hunijibu kwa Kiingereza. Leo kasema kwa Kiswahili, "Eish, Mama, wewe huwa huunguzi wali."

Nimeunguza.

Jumamosi, 17 Machi

Rejista haitoshi. Lazima nisimame pale kwa miguu yangu.

Tumeondoka Joburg mapema, Bwana Mokoena akiendesha. Kwanza shamba la bondeni. Joto, migomba, nzi. Tumemkuta bibi mmoja aliyezaliwa palepale. Bwana Mokoena amemwonyesha picha, wakazungumza kwa Kiswati, bibi akacheka sana.

"Anasema hajauona hapa maisha yake yote," Bwana Mokoena akanitafsiria. "Na mama yake alikuwa mganga. Kila mmea wa hapa alimfundisha jina."

Nimemshukuru bibi. Nilitamani kumkatalia. Sikuweza.

Jumapili, 18 Machi

Shamba la mlimani. Ukungu, upepo, sweta mbili. Nyuma ya zizi kuna mwamba mrefu, na juu ya mwamba mishubiri imejaa, minene, yenye afya, mmoja na maua mekundu.

"Tumeipata, Daktari!" Bwana Mokoena alipiga makofi ya furaha. Kisha akaniangalia usoni, akamimina chai ya chupa.

Iko hapa. Haijawahi kutoka.

Jumanne, 20 Machi

Nimemweleza mkuu wa idara. Kasikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya, na aliyosema aliyasema kwa huruma.

"Subiri upate cheo kwanza. Mwaka kesho utasahihisha polepole. Nani atajua?"

"Mimi najua."

Akatazama dirishani. "Utajiumiza."

Nilisema asante nikatoka.

Jumatatu, 26 Machi

Barua imekwenda kwenye jarida. Naomba makala yangu iondolewe. Sentensi ya kwanza nimeiandika mara kumi na moja: mara nalaumu rejista, mara nalaumu mwandiko wa mchumaji. Mwisho nikafuta yote. Imebaki: "Kosa ni langu."

Nimelala mchana kama mgonjwa.

Ijumaa, 22 Juni

Tangazo la kuondolewa limetoka, pamoja na barua yangu. Jina langu limeandikwa kwa ukamilifu. Kwenye korido, mwenzangu niliyefanya naye kazi miaka sita kajifanya anasoma simu.

Faili limerudishwa. Wanasema niombe tena nitakapokuwa na kazi mpya.

Nimelia garini, kwenye taa nyekundu ya barabarani, robot kama waiitavyo hapa. Kijana anayeuza chaja za simu akagonga kioo. "Sista, uko sharp?" Nikaitikia kwa kichwa kwamba niko salama. Robot ikawa kijani, wa nyuma wakapiga honi, nikaendelea kulia nikiendesha.

Jioni nimejipima vizuri. Aibu ipo. Hasira ipo. Lakini chini yake kuna kitu kigumu, hakisogei, na nimekitambua: ni fahari. Hakuna aliyenikamata. Namba mbili kwenye karatasi zilizochakaa, na jicho langu mwenyewe.

Ijumaa, 14 Septemba

Majani yote ya nchi yameungua au yamekauka. Miezi hii nimekuwa mlimani zaidi ya nyumbani. Kila lebo nimeihakiki. Iliyonishinda nimeitupa nje ya hesabu.

Jibu jipya ni dogo kuliko la zamani. Mshubiri haujahama. Hauwezi, milima ina mwisho. Ila upande wa kaskazini, unaopigwa na jua mchana kutwa, imebaki mizee tu. Miche haipo. Upande wa kusini, kwenye kivuli na ukungu, miche inaota. Mmea unabadilisha makazi yake hatua chache tu, kuzunguka mwamba uleule.

Dogo, lakini kila nukta kwenye ramani hii nimeikanyaga au naweza kuapa kwayo. Kuhusu ya kwanza sikuweza kusema hivyo.

Alhamisi, 31 Januari 2019

Makala mpya imekubaliwa. Jarida dogo zaidi. Nimepika pilau ya nguvu. Neema kaisoma ramani nzima, kaniuliza kwa nini upande mmoja una nukta nyekundu tupu. Nikamweleza. "So wazee wanakufa na hakuna watoto," akasema. Katika maneno yangu elfu saba sikulisema vizuri hivyo.

Faili la cheo nimelipeleka tena. Tangazo la kuondolewa nimeliweka ukurasa wa kwanza, kwa mkono wangu. Wakitaka kunihukumu, waanzie hapo.

Jumanne, 12 Februari

Mgeni ofisini. Riziki, mwanamke wa makamo, afisa misitu kutoka Bukavu. Sasa anaishi Hillbrow, mtaa wa hapa jijini, kwa dada yake anayesuka nywele. Anatafuta mtu wa kumsimamia shahada ya uzamivu. Kaja na bahasha ya vyeti, kavaa kitenge kilichopigwa pasi vizuri.

Nikamuuliza ni makala gani yangu iliyomleta.

"Si makala, Mama Docteur. Ni ile barua ulijisahihisha. Niliisoma mara mbili. Nikasema, huyu ndiye mwalimu ninamutafuta."

Nikavuta kiti, nikamwomba akae.

Nikamuuliza misitu ya kwao ikoje: miti gani inapanda, gani inashuka, ukungu unaanzia wapi siku hizi. Akaanza kueleza, mikono ikichora milima hewani. Mvua ya mawe ikapiga paa, ikabidi asogeze kiti karibu. Nimeahirisha mkutano wa saa tisa. Alieleza mpaka mvua ikakatika.