Mazoezi ya Kwenda Baharini

Ghorofa ya tatu,
Juu ya duka la vitasa.
Jumapili, 28 Machi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za nyumba nzima, ukianza na zangu kwa kuwa kalamu ninayo mimi. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Mgongo wake umepona, au bado anauweka akiba kwa siku za kubeba mizigo? Wapwa wangu je, wanakula, wanasoma, wanakumbuka kwamba wana mjomba? Sisi huku tu wazima. Baridi imelegea, miti ya barabarani inatoa majani, nami nimerudia koti langu jepesi. Lifti haziharibiki kwa kufuata majira, kwa hiyo kazi yangu ni ileile ya kuingia shimoni, kupaka grisi na kutoka.

Uliniuliza habari ya safari ya baharini, na kwa nini kila ukipiga simu Mama anakujibu kwamba bado tunajiandaa. Nitakueleza kwa utaratibu. Naomba usicheke kabla sijamaliza.

Kwanza, wazo lilikuwa lako, na hilo likumbukwe. Wewe ndiye uliyesema kwamba Mama anapokea simu kabla mlio wa kwanza haujaisha, hata ukimpigia saa za watu kulala, na kwamba mtu mwenye usingizi hapokei simu hivyo. Tangu Baba atutoke, Mama amekaa peke yake katika ile nyumba, na kila tulipomwomba aje kwetu alijibu kwamba yeye si mgonjwa. Ukasema basi tumpeleke nchi ya joto, kwenye mchanga na minazi, akae na watu kidogo, labda moyo utalegea. Sote tukaafiki. Kuafiki hakumchoshi mtu.

Ugumu ulikuwa msimu. Majira haya ya kuchipua, shule zikikaribia kufungwa, kila mwenye miguu anakumbuka bahari. Wifi yako pale ofisi ya usafiri anashinda na simu shingoni, akiwatafutia watu vyumba vyenye dirisha la kutazama maji. Shughuli yetu akaiweka kiporo mpaka mwisho, na mganga, kama ujuavyo, hajigangi. Alipogeuka kututafutia sisi, hoteli za ufuko mzima zilikuwa zimebakiwa na chumba kimoja, chenye vitanda viwili vikubwa na kimoja cha kukunja. Nasi tuko watano: mimi, yeye, Mama, mdogo wetu Kobe, na binti yetu, ambaye siku hizi tunamwita Chiriku kwa sababu utakazozijua ukikaa naye dakika moja.

Nilidhani Mama atakataa. Hakukataa. Aliuliza chumba kina ukubwa gani.

Unakumbuka miaka yake ya uuguzi katika chumba cha upasuaji, na lile neno lake kwamba mgonjwa si mahali pa kujifunzia. Kila jambo lilifanywa kwanza bila mgonjwa, na likiharibika hata kidogo, lilirudiwa tangu mwanzo. Hata kuvuka barabara tulifundishwa uani, viti vikiwa ndiyo magari. Basi akaamua kwamba watu watano hawawezi kwenda kujuana tabia mbele ya bahari. Lazima tufanye mazoezi. Tutalala usiku mmoja sebuleni kwetu, sote pamoja, na masanduku yetu, kana kwamba tumekwisha kufika.

Wifi yako alinitazama. Unamjua yeye na Mama: wanaheshimiana kama mabalozi, kila mmoja anangoja mwenzake akae kwanza. Na sebule ile ni yake. Mto ukihama kwenye kochi, anajua. Lakini kesho yake alirudi na vipimo vya chumba kutoka ofisini, akaviweka mezani.

Kobe bado anapiga rangi magari, na bado hajatokea mtu wa kumharakisha. Alileta ule utepe wa karatasi anaozibia vioo kabla ya kupuliza rangi, akachora nao chumba kizima sakafuni: kuta, bafu, mlango. Vitanda vya vyumbani tukaviingiza humo, kila kimoja na jina la mwenyewe. Mama akatangaza kwamba ukuta ni ukuta. Anayetaka kwenda jikoni atapita mlangoni, na jikoni ni nje ya hoteli, kwa hiyo avae viatu. Chiriku alichora bahari nyuma ya kalenda ya zamani, akaibandika kwenye mlango wa roshani. Mama aliikagua akasema imepinda.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu. Kobe alitumwa kwa Mama akamchukulie mto wake. Aliporudi hakuingia ndani, aliniita ngazini. Aliniambia kwamba kitanda cha Mama kimetandikwa vizuri, pembe zimekunjwa kihospitali, na juu ya shuka kuna vumbi. Mto aliukuta kwenye kile kiti cha Baba kilicho karibu na mlango, pamoja na blanketi na simu.

"Halali kitandani, kaka," alisema. "Sijui ni tangu lini."

Tukasimama pale, wanaume wazima wawili, tumeshika mto mmoja. Niliumia, Dada, sitakuficha. Tulikubaliana tusimwambie Mama kwamba tunajua. Wifi yako nilimwambia. Aliupokea ule mto, akaubadilisha foronya, akauweka kwenye kitanda cha upande wa dirishani, ambacho kilikuwa kimeandikwa jina lake mwenyewe.

Mazoezi yenyewe yalikuwa kama gulio. Kobe anakoroma kwa bidii ambayo kazini hatujawahi kuiona. Chiriku anaongea hata akiwa amelala, tena anabishana. Kitanda cha kukunja kililia kila nilipopumua, kwa hiyo nikapunguza kupumua. Sikupata hata lepe la usingizi.

Asubuhi jua liliingia mpaka miguuni pa Mama, naye bado amelala. Mama, ambaye utotoni tuliamini kwamba macho yake hayana vifuniko. Alilala ubavu, mdomo wazi, mkono mmoja nje ya shuka. Wifi yako alikuwa jikoni. Alilitoa birika motoni kabla halijapiga mluzi, akaja mlangoni, akamkazia macho Chiriku, na Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, akanyamaza. Tulikaa hivyo kimya, kila mtu na soksi zake mkononi, mpaka nikachelewa kazini. Kuna watu walipanda ngazi siku hiyo kwa ajili ya Mama, nao hawatajua kamwe.

Alipoamka alitazama saa, akaitazama tena, akakasirika.

"Palikuwa na kelele nyingi," alisema. Kisha akasema, "Nimelala vizuri."

Nadhani neno lilimponyoka, maana hapohapo alianza kutafuta makosa. Akalipata. Sanduku la Kobe lilikuwa kwenye njia ya kwendea bafuni. Mazoezi hayakufaulu, akasema, tutarudia.

Tumekuwa tukirudia tangu siku hiyo. Mara Chiriku karuka ukuta. Mara mimi nimeingia hotelini na grisi. Mara Kobe katundika taulo mahali penye dirisha, akaambiwa limeanguka baharini akalifuate. Makosa ya mwanzo yalikuwa ya kweli kabisa, naapa. Hatujui kukaa watano katika chumba kimoja, na Mama anajua kuona. Aliyebaki bila doa ni wifi yako peke yake. Yeye kukosea hajajifunza. Kila asubuhi ananywea chai sebuleni akiwa amesimama, kwa kuwa makochi yake yamepangwa kwenye korido, wala hajalalamika. Nami sikumuuliza, maana ukiona vyaelea usivikoroge.

Tabu ya mazoezi, Dada, ni kwamba watu hujifunza.

Alhamisi tuliamka hapakuwa na kosa. Masanduku chini ya vitanda, taulo mahali pake, hata Kobe alikuwa amekunja shuka zake. Mama aliamka saa ya watu, akavaa, akazunguka chumba taratibu akikagua. Hakupata kitu. Akazunguka tena. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kukunja gauni lake la kulalia na kulitia mkobani.

"Basi, mko tayari," alisema. "Kobe atanirudisha nyumbani jioni."

Mimi nilitafuta la kusema, lakini unanijua, maneno yangu hufika nyuma ya watu. Nilikuwa natazama ule mkoba. Nikasikia sauti ya wifi yako kutoka upande wa mlango.

"Mama, samahani. Nimeacha begi langu mlangoni."

Tukageuka. Kweli, begi lake la kazini lilikuwa katikati ya mlango wa utepe, limelala ubavu. Muda mfupi kabla ya hapo nilipita mlango huo na viatu vyangu mkononi, na palikuwa peupe. Mama alilitazama begi. Halafu akamtazama mkwewe, kwa muda mrefu, kama anayemwona akiingia nyumbani kwetu leo.

"Mtu anaweza kujikwaa hapo," alisema.

"Anaweza, Mama."

"Basi turudie."

Akalitoa gauni mkobani akaliweka chini ya mto. Wifi yako aliliokota begi lake akaenda kazini, na mpaka leo hatujalizungumza.

Safari ipo palepale, tutaondoka shule zikifungwa. Ila Ijumaa kulitokea jambo moja. Mteja mmoja aliahirisha, na chumba kilicho ubavuni mwa chetu kikabaki wazi, kitanda kimoja, dirisha la baharini. Wifi yako angeweza kumchukulia Mama kabla mtu hajakiona. Akampa mwalimu mmoja aliyekuwa kwenye foleni. Alinisimulia jioni akimenya viazi. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema sebule ile ilikuwa kubwa mno hata hivyo.

Tukirudi itakuwaje, sijui. Mama alisema jana, akimchana Chiriku nywele, kwamba kurudi nako kuna mazoezi yake, na watu wengi huyapuuza. Sikumuuliza yatachukua muda gani. Nakuomba na wewe usimuulize. Ukipiga simu, muulize tu leo amekosea nani, naye atakueleza kwa furaha. Na simu ikilia mpaka ikakatika bila kujibiwa, usiwe na wasiwasi. Atakuwa amelala.

Wifi yako anakusalimu sana. Kobe anakusalimu, ingawa salamu zake zitafika baada ya barua. Chiriku anasema atakuchorea bahari iliyonyooka. Msalimie shemeji na mgongo wake, uwabusu wapwa, hasa yule mdogo mliyempachika jina la Mzee. Mungu awafunike huko mliko, awape usingizi mzito na asubuhi za amani.

Natoka sasa kwenda kuiposti barua hii. Nitapitia mlangoni.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nisiposema,

Fundi Lifti