Mbwa wa Kukamata Panya

Tarehe 9 Machi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Dada yangu mpenzi,

Magoti yananisumbua kidogo, lakini bado najalidi vitabu. Panya wameipenda gundi yangu ya unga kuliko wateja wanavyopenda majalada. Basi fundi cherehani wa ghorofa ya chini, ambaye anahama, ameniletea mbwa wake mdogo wa aina ya teria, mkamata panya hodari.

“Mzee, huyu si pambo,” akanionya. “Anabweka, anachimba, na usipomtembeza mara mbili kwa siku atakutafunia viatu.”

“Vyangu havina kilichobaki cha kutafuna,” nikamjibu.

Chumba kinamtosha, na ngazi anazipanda vizuri kuliko mimi. Swali moja tu la fundi lilinikwamisha.

“Hawa huishi hata miaka kumi na mitano. Huna mpango wa kuhama?”

Kila mwaka nimekuandikia kwamba mwakani narudi, na kila mwaka umenitandikia kitanda. Mbwa akaja akalala juu ya mguu wangu. Nikamwambia fundi sihami.

Kile chumba ulichonitunzia huko nyumbani mpe mjukuu wako, dada. Mimi sitarudi.

Kaka yako akupendaye