Sahani ya Bwana Afya

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hivyo halafu nikainua kalamu, kana kwamba ungeitikia. Mazoea yana taabu yake.

Niko nyumbani Kasingirima, mezani, kwenye kiti changu. Chako nimekiegemeza ukutani, maana wageni walikuwa wanakikalia bila kujua na mimi nilikuwa nashindwa kuwaambia wainuke. Arobaini yako imepita. Tumeifanya hapa Kigoma, na Baba Mdogo hazungumzi nami tena. Nimetaka uyasikie kwangu kwanza, kama huko uliko habari zinafika.

Nianze na siku tuliyokuondoa, kwa sababu hiyo hukuiona.

Baba Mdogo alifika kutoka Upareni akiwa ameshaamua kila kitu. Alisema kaka yake hawezi kulala huku kama mtu asiye na kwao, kwamba mahali pako ni kwenu Usangi, kando ya Babu na Bibi, na gari limeshapatikana. Sikubisha. Hukuwahi kusema unataka kuzikwa wapi. Kila nilipogusia ulibadili mazungumzo ukauliza Mama Sefu kapika nini leo. Sikuwa na neno lako la kushikilia, kwa hiyo nilikubali.

Lakini wale mama zako walikuwa wameshawasha moto. Nawaita mama zako, na wangu pia. Mama alipofariki mimi nikiwa darasa la kwanza, wewe hata chai ulikuwa unaisahau jikoni mpaka inakauka. Basi ukanishika mkono ukanitembeza vibanda vya chakula vya mji huu sahani kwa sahani. Ijumaa tulikuwa Ujiji kwa Mama Sefu, Mmanyema wa watu, tukila wali na kuhe, samaki wa ziwani, aliyeungwa kwa mawese. Jumamosi tulishuka Kibirizi kwa Mama Riziki, aliyevuka ziwa kutoka Kongo akaja na sombe yake, kisamvu cha kwao, na pilipili yake isiyo na huruma. Siku za kazi tulikuwa wa Mama Neema, Muha wa soko la Mwanga, maharage na ugali wa muhogo, na samaki mgebuka wa kukaanga mshahara ukitoka. Kuna watoto wanaolelewa na shangazi. Mimi nililelewa na vibanda.

Asubuhi ile wote watatu walikuwa uani kwetu tangu alfajiri, na kila mmoja na sufuria lake. Walikuwa hawajawahi kupika pamoja, na walikuwa wanagombana kuhusu kuni. Nilipowasikia nilicheka, Baba, siku ya kukusafirisha, nikaona haya. Tulitoka nawe mochwari, tukapita nyumbani kwa sala, na sala ilipokwisha Baba Mdogo akaangalia saa akasema, "Hatuna muda wa kula, tuna safari." Mama Sefu alikimbia na hotipoti mpaka dirishani mwa gari. Baba Mdogo akapandisha kioo. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya, ni mtu anayeogopa barabara. Ila mimi nilikuwa ndani ya gari, nyuma ya kioo kile, na nilimwona Mama Sefu akibaki amesimama na hotipoti mikononi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mama Neema. Watu wa mtaa walikaa kwenye mikeka, chakula kikapakuliwa, na hakuna aliyenawa. Unajua desturi ya mtaani kwetu, mfiwa ndiye anayenawa mwanzo, akimega tonge moja tu wengine ndiyo wanakula. Sasa mfiwa alikuwa barabarani anaelekea Uvinza. "Tukatazamana," Mama Neema aliniambia, "nani aanze kula, mwenye msiba hayupo?" Mzee mmoja akasema wasubiri kidogo, kana kwamba tungegeuza gari. Wali ukapoa, mawese yakaganda juu ya kuhe. Mchana wakagawana kwenye ndoo, kila mtu akaenda kwake, na Mama Riziki akaosha masufuria ya wenzake yote bila kusema neno. Mama Riziki, bila kusema neno!

Maneno yale yaliniuma kuliko kaburi lenyewe. Nakwambia ukweli.

Kwa sababu ulikufa na njaa, Baba. Watu wanasema saratani ya koo, na ndiyo, ni hiyo, lakini mimi niliyekuwa nakupakulia niliona njaa. Kwanza ulikataa ugali, halafu wali, halafu ndizi zilizopondwa. Mama Sefu akawa anachemsha kuhe anamchuja kwa kitambaa, unakunywa vijiko viwili na jasho linakutoka. Mwishoni hata mchuzi huo haukupita, na bado ulikuwa unanituma. "Nenda kwa Mama Riziki, kaniletee sombe." Nakuletea, unafunua kifuniko, unanusa umefumba macho, unafunika. "Mwambie leo mwiko wa chumvi umemteleza." Sijui ulijuaje chumvi kwa pua. Niliwapelekea salamu hizo zote, na Mama Riziki kila mara alijibu, "Mwambie Papa akule kidogo tu, iko muzuri." Nilikuwa nakuficha hilo jibu.

Ulikuwa unanusa vile vile ulivyonusa kazini. Mabwana afya wenzako wanaingia kwenye mgahawa kama polisi. Wewe uliangalia pipa la maji, ukaangalia kucha za mpishi, ukafunua sufuria ukanusa, halafu ukakaa ukaagiza. Ukala mpaka sahani ikawa nyeupe. Hapo ndipo ulisema choo kiko karibu mno na jiko, au mtungi hauna mfuniko. Niliwahi kukuuliza kwa nini usiseme kwanza, ukaniambia, "Maliza kwanza, ndipo useme. Ukisema chakula kikiwa bado sahanini, anafikiri unakidharau. Ukimaliza, anajua unasema uchafu tu." Wakakuchukia siku moja moja, lakini walikusikia.

Mwaka wa kipindupindu wewe ulifunga vibanda vyote vya Kibirizi, na cha Mama Riziki ulikifunga kwa mkono wako mwenyewe huku akikutukana kwa lugha nne. Jioni tukakaa humu ndani tukitazamana, jiko letu baridi. Mlango ukagongwa. Sombe, ya moto, kwenye sufuria lililosuguliwa likang'aa, na maneno kupitia kwa dada aliyelileta: "Papa amefunga kibanda, hakufunga tumbo yake." Ulicheka mpaka ukalia. Siku hizi bwana afya ni mwingine. Anasimama mlangoni, anaandika, anaondoka. Hali chakula kwa mtu. Mama Neema anasema hajui hata sauti yake.

Basi niliporudi kutoka mazikoni sikuweza kupita Ujiji. Nilikuwa nazunguka njia nyingine nisikutane na Mama Sefu. Hotipoti ile alikuwa hajaifungua, aliiosha kwa nje tu na kuiweka juu ya kabati, na chakula kikamwozea humo, mpaka binti yake akaitupa kwa siri. Mama Sefu, ambaye jikoni mwake hukuwahi kukuta inzi.

Nikampigia simu Baba Mdogo nikamwambia arobaini nataka kuifanya Kigoma. Alikuwa ameshapanga ya Usangi, siku hiyo hiyo, ng'ombe ameshaandaliwa na mchungaji ameshaambiwa. Nilimweleza juu ya mikeka na wali uliopoa. Nikadhani ameelewa. Kisha akasema, "Mwana pekee wa marehemu asipokuwepo kwenye arobaini ya baba yake, mimi nitawaambia nini watu? Basi kaa huko huko na wapishi wako, usituhesabu tena." Akakata. Nimepiga tena na tena, hapokei. Shangazi naye siku hizi anajibu kwa kifupi kama anamjibu mtu wa benki. Sina ukoo mwingine, Baba, unajua hilo. Nililia sana, halafu nikaenda sokoni kununua mahindi.

Nilitaka kupika mimi. Wao wasiguse mwiko. Na nilitaka wale chakula cha kwenu, kwa kuwa ulikula cha kwao miaka yote na wao cha kwenu hawakijui. Makande ya Usangi, yale niliyopewa siku ya kukuzika, yenye maziwa. Nani angenifundisha? Wewe ulikuwa unayasimulia tu. Nikachukua maharage kwa Mama Neema, akaniuliza ya nini, sikusema. Nikayatia chunguni na mahindi kwa pamoja, sikuloweka chochote. Maharage ya huku yanaiva upesi. Yalirojeka, mahindi yakiwa bado mawe, nikaongeza moto, na chini yakashika. Harufu ilifika barabarani.

Walikuja wote watatu. Mama Sefu ametanguliza "Hodi" yenye baridi, Mama Neema kajifunga kanga nyeusi, Mama Riziki ameleta pilipili yake kwenye chupa kwa tahadhari. Majirani wakajaza mikeka ile ile. Nilipakua. Nikaleta maji ya kunawa, na kama siku ile, hakuna aliyenyoosha mkono. Wakanitazama mimi.

Nikanawa. Nikala tonge la kwanza, Baba, lilikuwa chungu kwa moshi na gumu, na nikalimeza, mimi niliye na koo la kumezea. Ndipo wakanawa.

Walikula. Nilisikia mahindi yakigongana na meno yao. Niliona Mama Riziki anafungua chupa ya pilipili, anaifunga tena, anaendelea kula hivyo hivyo. Sahani zikaisha zote, hakuna aliyebakiza. Halafu Mama Sefu akainuka, akaenda kwenye chungu, akafunua kifuniko, akanusa amefumba macho. Akafunika.

"Yameungua, binti Bwana Afya."

Tulilia wote, Baba. Kwa sauti, bila aibu, kama ilivyopaswa kuwa siku ile ya kwanza.

Sitakudanganya kwamba mambo yametengemaa. Nyumba ni kubwa mno. Simu ya Usangi haipokelewi. Kaburi lako sijui nani analipalilia, na huwa naamka nikifikiria majani. Nitakuja mvua zikikatika. Nitachukua dumu la mawese na migebuka mikavu, nitabisha kwa Baba Mdogo hata kama hataki kuniona. Nitamwambia kila kitu, kioo cha gari na hotipoti na yote. Ila akinifungulia na kunipa sahani, nitaketi niile mpaka iwe nyeupe. Ndipo nitasema.

Lala, Baba yangu.

Naomi