Niliowaita Bustanini

Alhamisi, 8 Agosti 1996

Vijana wa Ijara wameingia leo na lori la mifugo, vumbi hadi kwenye kope. Bustani ya manispaa tumeifyeka miiba, magoli yamesimama, mbuzi wamefukuzwa — wamerudi — wamefukuzwa tena. Timu nne: tatu za mitaa ya hapa Garissa, na Ijara. Wageni watalala shuleni na kula kwangu. Nimeyataka mashindano haya tangu mwaka juzi, nilipoona vijana wanaulizana ukoo kabla ya kuulizana jina.

Jioni nilishika kipaza sauti nikasema: hawa ni wageni wangu! Makofi. Nafiso, mwenye nyumba niliyopanga, hakupiga. Nyumbani kaniuliza, akiniita ami kwa Kisomali, "Adeer, wageni wako? Wako wewe?" Nikamwambia ni maneno ya shughuli tu. Hakucheka.

Ijumaa, 9 Agosti

Baada ya alasiri, mechi ya kwanza. Ijara pekupeku, na wameshinda! Kapteni wao, Hamse, anaita wenzake kama anayeita ngamia kisimani. Sikuweza kukaa kitini.

Jumamosi, 10 Agosti

Balaa. Awil, beki wa mtaa wa mtoni, kamwingilia Hared wa Ijara kwa miguu miwili. Mfupa niliusikia kutoka pembeni ya uwanja. Refa katoa kadi nyekundu — kipande cha kasha la sabuni. Mzee Dubow, baba mkubwa wa Hared, aliyekuja na timu, akaingia uwanjani na bakora.

"Karatasi ya sabuni! Wallahi, hii ndiyo inaunga mfupa?"

Wengine walicheka. Wengine waliokota mawe. Nilisimama katikati mpaka wakayaangusha. Hared yuko hospitali, mguu kwenye plasta.

Jumapili, 11 Agosti

Nimekwenda kwa Dubow kuomba radhi. Kanipa chai, hakunipa nafasi ya kumaliza sentensi.

Hana neno na refa, kasema. Ana neno na mimi. Nilisimama mbele ya watu nikasema wageni wangu. Mgeni akiumia, aliyemwita ndiye anayejibu, na hajibu peke yake. Anajibu watu wa ukoo wake wakiwa wamekaa ubavuni. Hiyo nimeijua tangu utoto wangu, huko kwetu Tarbaj. Nimeisoma hata kwenye vitabu vya Waingereza. Na bado nililitamka neno lile kama tangazo la redio!

"Jumanne asubuhi nakuja kwako, walaal, ndugu yangu. Nikute watu wako. Nikikuta mtu mmoja, nitazungumza na nani? Nabeba vijana, na Ijara haitakanyaga hapa tena."

Nikauliza: na Awil?

"Awil aangalie njia anayopita."

Hilo ndilo linalonizungusha chumbani. Fainali inaweza kufa, nitaizika. Lakini Awil ana miaka kumi na saba.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimetembea tangu alfajiri. Wazee wa mtaa wa Awil wamekataa: mpira ni mpira, na tukija kukaa nawe tumekiri kosa. Wewe ndiye ulialika, zungumza na watu wako wa Tarbaj.

Nikaenda kuwatafuta sokoni, penye ng'ombe. Mzee mmoja wa Tarbaj kanisikiliza nikitaja baba, babu, babu wa babu. Katikisa kichwa kwa huruma. Hao, kasema, walivuka mpaka kwenda Somalia wakati wa vita vya Shifta, hawakurudi. Kweli. Walivuka, mimi nikaletwa huku, nikabaki. Karibu miaka thelathini. Mke wangu nimemzika hapa. Makaburini nina mtu. Kwenye kikao sina.

Nikapita hospitali. Hared kauliza jambo moja tu: fainali ni lini?

Nimefungua kimoja cha vile vitabu vya Waingereza. Nimekifunga.

Jumanne, 13 Agosti

Asubuhi. Nilitandika mikeka miwili uani, nikaona ni ya kujidanganya, nikakunja mmoja. Nafiso kautandika tena.

Sasa hivi wameingia — si Dubow, vijana! Timu nzima ya Ijara, wamenawa, wamevaa jezi. Nyuma yao Awil, macho chini. Wamekwenda wenyewe kumchukua nyumbani kwao Awil. Nikawaambia kikao hiki si cha watoto. Halafu nyinyi ni upande wa Dubow!

Hamse kavua ndala. "Adeer, tumekula kwako siku zote hizi. Akaaje peke yake mtu aliyetulisha?"

"Dubow atakuchapa."

"Kanichapa tangu madrasa. Nimezoea."

Wamekaa kwenye mikeka yangu yote miwili, Awil katikati yao. Naandika haya mlangoni. Natafuta kichwani kisa kimoja, hata cha zamani, cha mgeni aliyekaa ubavuni mwa mwenyeji wake mbele ya mzee wa ukoo wake mwenyewe. Sikipati. Dubow anaweza kucheka. Anaweza pia kuona nimemwibia vijana.

Nafiso anauliza kutoka jikoni, chai ya watu wangapi? Nimeanza kuhesabu vichwa.

Gari limesimama. Bakora inagonga bati la lango. Awil anataka kuinuka akimbie — Hamse kamshika bega, kamkalisha, na wote wamesogea kunipa nafasi katikati —